Istilahi za Katiba na Sheria kwa Mwananchi wa Kawaida: Mifano kutoka Tunduma na Mkoa wa Songwe

Utangulizi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya Mwaka 1977 ilitungwa kwa Kiswahili. Katiba zilizoitangulia, yaani ile ya Uhuru ya mwaka 1961, ile ya Jamhuri ya mwaka 1962 na ile ya Muda ya mwaka 1965, ziliandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi aliyetaka kuzifahamu ilimpasa kumtegemea mtu wa kumfasiria. Kizuizi hicho kiliondoka mwaka 1977 kwa upande wa Katiba, na tangu mwaka 2021 kimeanza kuondoka kwa upande wa sheria nyingine na wa mashauri ya mahakamani.

Hatua hizo ni kubwa na zinastahili kupongezwa. Lakini yafaa ieleweke kwamba kuandika sheria kwa Kiswahili ni jambo moja, na sheria hiyo kueleweka kwa Mswahili ni jambo jingine. Watu wengi hudhani kwamba kinachomzuia mwananchi kuifahamu sheria ni maneno magumu, mathalani tajnisi au urekebu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, maneno ya namna hiyo hayana hatari kubwa. Mtu anapokutana na neno asilolijua husita, na akishasita huuliza. Hatari kubwa zaidi imo katika maneno mepesi, ambayo mwananchi anayajua tangu utotoni kwa maana moja, na ambayo sheria huyatumia kwa maana nyingine. Maneno hayo hayamsimamishi msomaji. Huyapita akiamini kwamba ameelewa, kumbe ameelewa jambo lingine kabisa.

Makala haya yanakusudia kuyachambua baadhi ya maneno hayo, kuonyesha hasara inayoweza kumpata mtu kwa kutoyatofautisha, na kutoa mapendekezo machache kwa wafasiri, walimu na watumishi wa umma. Mifano tumeichagua kwa kuzingatia mji wa Tunduma na Mkoa wa Songwe kwa jumla, kwa sababu ambazo tutazieleza.

Safari ya Kiswahili katika sheria

Kiswahili hakikuanza jana kazi ya sheria. Mahakama za Mwanzo, zilizowekwa chini ya sheria ya mwaka 1963, ziliendesha mashauri yake kwa Kiswahili tangu awali. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na miongoni mwa kazi lililokabidhiwa ni kusimamia usanifishaji wa istilahi. Katika miaka ya 1970 Baraza lilianza kutoa orodha za istilahi za taaluma mbalimbali kwa jina la Tafsiri Sanifu. Hata kabla ya hapo, mwaka 1968, Kitivo cha Sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kutoa mkusanyo wa istilahi za sheria za Kiswahili.

Hata hivyo, kwa miaka mingi nyumba ya sheria ilikuwa na milango miwili. Bungeni wabunge walijadiliana kwa Kiswahili, lakini miswada waliyoijadili iliandikwa kwa Kiingereza. Katika mahakama za juu mashahidi walisema kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu aliyefungwa au aliyepoteza shamba lake aliweza kupewa nakala ya hukumu asiyoweza kuisoma.

Mwaka 2021 mambo yalibadilika. Mapema mwaka huo Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa Mahakama Kuu Musoma, alijulikana nchini kote kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Muda mfupi baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021, iliyoirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kutamka kwamba lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, na kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya kutoa haki mahakamani na katika mabaraza. Kiingereza kimeachiwa nafasi pale tu ambapo maslahi ya utoaji haki yanakihitaji, kwa utaratibu uliowekwa. Kazi ya kuzifasiri sheria kuu ikaendelea, na mwezi Aprili 2025 Toleo la Urekebu wa Sheria la Mwaka 2023 likazinduliwa Dodoma.

Kwa hiyo swali la miaka ya 1970, kama Kiswahili kinaweza kubeba sheria, limekwisha kujibiwa. Swali la leo ni kama mwananchi anapokeani kile kile ambacho sheria imekusudia kumpa.

Kwa nini Tunduma na Songwe?

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa, wilayani Mbozi. Wenyeji wake ni Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wabungu na wengineo, na kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili iliyojifunzwa shuleni, sokoni na barabarani. Tunduma, kiasi cha kilomita 100 kutoka mjini Mbeya, ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake ni Nakonde, katika Zambia, ambako lugha rasmi ya serikali na ya sheria ni Kiingereza. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zote zinapita hapo, na tangu mwaka 2019 kuna kituo cha huduma za pamoja mpakani.

Katika mji wa namna hii, maneno ya sheria hayangojei mtu apelekwe mahakamani. Huyasikia kila siku: kwa afisa wa uhamiaji, kwa wakala wa forodha, kwa askari, kwa mtendaji wa mtaa, na kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Na kila mmoja wa watu hao huyatumia kwa maana ya kazi yake.

Jina lenyewe la mkoa linaweza kutupa mfano wa tatizo tunalolizungumzia. Mtu akisema "Songwe" anaweza kuwa anataja mkoa, au wilaya moja iliyomo katika mkoa huo, au mto unaopakana na Malawi, au uwanja wa ndege, ambao umo katika Mkoa wa Mbeya. Mwenyeji hapotei, kwa kuwa mazungumzo humwonyesha ni Songwe ipi. Mgeni anayetumiwa barua yenye neno "Songwe" peke yake anaweza kuteremka mahali pasipo pake. Mwananchi mbele ya sheria ndiye mgeni huyo.

Raia, mtu na mwananchi

Tuanze na neno raia. Asili yake ni Kiarabu, na huko lilikuwa na maana ya kundi linalochungwa, na kwa hiyo watu walio chini ya mtawala. Katika matumizi ya kila siku ya Tanzania neno hili lina maana ya mtu asiye askari. Ndiyo maana twasema askari kanzu amevaa nguo za kiraia. Katika Katiba, raia ni mtu mwenye uanachama wa dola: anayeweza kupiga kura, kuchaguliwa na kushika madaraka. Neno lililoanza na maana ya anayechungwa sasa lina maana ya mmoja wa wenye nchi. Ni mageuzi makubwa, lakini si kila anayelisikia amesafiri nalo hadi mwisho wa safari.

Pembeni ya raia kuna mtu na mwananchi. Ibara ya 8 ya Katiba inasema juu ya wananchi kwamba ndio msingi wa mamlaka yote. Katika Sehemu ya Tatu ya Sura ya Kwanza, yenye Haki na Wajibu Muhimu, Katiba hutumia maneno kila mtu na kila raia, na haiyachanganyi. Haki ya kuishi, haki ya kuwa sawa mbele ya sheria, haki ya kutokamatwa isipokuwa kwa utaratibu wa sheria, uhuru wa maoni, uhuru wa dini na haki ya kumiliki mali ni za kila mtu. Haki ya kwenda kokote katika Jamhuri na kuishi popote, na haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, ni za kila raia. Ibara ya 22 inayatumia yote mawili: haki ya kufanya kazi ni ya kila mtu, ilhali fursa sawa ya kushika nafasi za kazi chini ya mamlaka ya nchi ni ya kila raia.

Kwa msomaji wa Dodoma au Morogoro tofauti hii inaweza kuonekana ndogo. Tunduma si ndogo hata kidogo. Mfanyabiashara kutoka Nakonde aliyekamatwa sokoni si raia wa Tanzania, kwa hiyo hawezi kudai haki ya kuishi atakako nchini. Lakini ni mtu, na kwa hiyo hawezi kunyimwa haki ya kusikilizwa kwa sababu tu ya ugeni wake. Kwa upande mwingine, Mtanzania wa mpakani anayezungumza lugha moja na jamaa zake wa ng'ambo anahitaji kujua kwamba lugha na ukoo havithibitishi wala havifuti uraia. Uraia unatawaliwa na sheria yake, Sura ya 357, inayotaja uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi kwamba "raia wana haki" bila kueleza ni haki zipi za raia na zipi za mtu, amewafundisha nusu, na kuipotosha nusu ya pili.

Dhamana

Pengine hakuna neno la sheria linalosikika Tunduma kuliko dhamana. Malori yanayopitisha bidhaa kwenda Zambia na Kongo huwekewa dhamana ya forodha, yaani ahadi ya kulipa kodi endapo bidhaa hazitavuka. Huko Mbozi mkulima anayekopa huweka shamba au nyumba kuwa dhamana ya mkopo. Serikalini twasikia habari za waziri mwenye dhamana ya elimu au ya maji, yaani aliyekabidhiwa wajibu huo. Na kituoni mwa polisi au mahakamani dhamana ni utaratibu wa kumwachia mtu aliyekamatwa arudi nyumbani akisubiri shauri lake, kwa ahadi kwamba atafika atakapotakiwa.

Dhana hizi zina shina moja, nalo ni kubeba jukumu juu ya jambo. Lakini matokeo yake kwa mtu ni tofauti kabisa. Mkulima aliyewahi kuona shamba la jirani yake likiuzwa kwa sababu ya mkopo anajua kwamba dhamana ni kitu kinachoondoka. Siku mwanawe atakapokamatwa na kuambiwa "mtoto ana haki ya dhamana", atauliza: ni kiasi gani? Na iwapo atakayemjibu si mwaminifu, atatajiwa kiasi.

Ndiyo maana Jeshi la Polisi na Mahakama vimelazimika kurudia mara nyingi kuwatangazia wananchi kwamba huduma ya dhamana hailipiwi. Tangazo hilo ni zuri, lakini halitoshi, maana linapingana na maana ambayo msomaji anayo tayari kichwani. Yafaa aelezwe kwamba mdhamini wa mshtakiwa hanunui kitu, anaahidi. Mahakama huweza kutaka fedha au hati ya mali iwekwe, na yapo makosa ambayo sheria hairuhusu dhamana. Lakini kilichowekwa hubaki mali ya aliyekiweka, na hurejeshwa masharti yakitimizwa. Anayetoa fedha bila stakabadhi na bila amri ya mahakama hajaweka dhamana. Ametoa rushwa au ameibiwa.

Pendekezo letu ni jepesi: neno dhamana lisiandikwe peke yake katika maandishi yanayokusudiwa wananchi. Iandikwe dhamana ya mshtakiwa, dhamana ya mkopo, dhamana ya forodha. Neno moja zaidi katika tangazo linaweza kuokoa ng'ombe wa mtu.

Mtuhumiwa, mshtakiwa na mkosaji

Hapa sarufi yenyewe ya Kiswahili ni mwalimu mzuri. Mtuhumiwa na mshtakiwa ni majina yaliyoundwa kutokana na vitenzi katika kauli ya kutendwa: -tuhumiwa na -shtakiwa. Yanatuambia kile ambacho mtu huyo ametendewa na wengine. Hayatuambii lolote kuhusu alichotenda yeye. Mkosaji, kwa upande mwingine, ni jina la mtenda. Linasema kwamba mtu huyo amekosa.

Katika mazungumzo ya mitaani tofauti hii imefutika. Mtu akishaonekana amefungwa pingu huitwa mwizi, na wakati mwingine hata habari za magazeti hufuata mkondo huo. Ibara ya 13 ya Katiba, katika ibara ndogo ya (6), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Kanuni hii haiwezi kufundishwa vizuri kwa kukaririsha namba ya ibara. Inaweza kufundishwa kwa kiambishi. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi kazi ya -w- katika mshtakiwa, mdaiwa na mtuhumiwa, atakuwa amefundisha sarufi na Katiba katika kipindi kimoja, na mwanafunzi atakumbuka yote mawili.

Yafaa pia kutenganisha mahabusu na mfungwa. Wa kwanza anasubiri shauri lake; wa pili amekwisha kuhukumiwa. Wote wako nyuma ya ukuta, lakini mbele ya Katiba hawako mahali pamoja.

Malalamiko, rufani na usuluhishi

Katika jedwali la mahakama zetu, kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, hadi Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani iliyoanzishwa mwaka 1979, mtu asiyeridhika na uamuzi ana njia ya kupanda ngazi. Njia hiyo huitwa rufani katika jina la mahakama na katika Katiba, lakini watu wengi husema rufaa. Maumbo haya mawili hayana madhara, kwa kuwa yana maana moja. Madhara yamo katika kuichanganya rufani na malalamiko.

Malalamiko ni maelezo ya mtu aliyeudhika. Yanaweza kupelekwa kwa kiongozi yeyote, wakati wowote, kwa mdomo au kwa barua. Rufani ni hatua ya kisheria, ina mahali pake maalumu na ina muda wake. Kwa mfano, rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Mwananchi asiyejua tofauti hiyo aghalabu hufanya jambo ambalo kwake ni la busara: anamwandikia barua Mkuu wa Wilaya, anangoja kwa adabu, na anapojibiwa kwamba suala lake ni la mahakama, siku 30 zimekwisha kupita. Kuna utaratibu wa kuomba kuongezewa muda, lakini ni lazima atoe sababu, na hakuna hakika ya kukubaliwa. Ibara ya 107A ya Katiba imeweka wazi kwamba mamlaka yenye kauli ya mwisho ya utoaji haki ni Mahakama. Kiongozi wa serikali hawezi kuitengua hukumu hata angemhurumia mlalamikaji kiasi gani. Kwa hiyo mtumishi anayepokea barua ya namna hiyo angetoa msaada mkubwa kama angeuliza swali moja tu siku ile ile: je, umeshapewa hukumu, na ni ya tarehe gani?

Kuhusu maneno mapitio na marejeo, bado maana zake hupishana kutoka kwa mfasiri mmoja hadi kwa mwingine. Hapa tatizo ni la wataalamu wenyewe, na mwananchi hawezi kulaumiwa kwa kukosa kutofautisha kitu ambacho wataalamu hawajakitofautisha.

Neno usuluhishi nalo linahitaji uangalifu. Katika jina la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, usuluhishi ni kuwasaidia wenye ugomvi wapatane wenyewe, na uamuzi ni kuwaamulia. Mgawanyo huo ni mzuri, lakini wako wanaolitumia neno usuluhishi kwa yote mawili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi lina kazi ya kusuluhisha tu. Halina tena mamlaka ya kuamua. Usuluhishi ukishindikana, anayedai hupeleka shauri lake kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkulima wa Ileje au Momba anayeambiwa kwamba "Baraza la Kata limesuluhisha" na akasikia kwamba "limekata shauri" anaweza kuondoka shambani mwake kwa amri ambayo haipo.

Wakili, wakala na msaidizi wa kisheria

Wakili na wakala ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kukabidhi jambo kwa mwingine. Tunduma imejaa mawakala: wa forodha, wa mabasi, wa kutuma na kupokea fedha kwa simu. Mtu aliyezoea kwamba wakala wa forodha humaliza matatizo yake ya mpakani huweza kudhani kwamba ndiye wa kumwandalia hati za mahakamani. Wakili ni mtu aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Naye msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hutoa elimu na ushauri wa awali lakini hamwakilishi mtu mahakamani. Vijijini wote hawa huitwa mwanasheria, na heshima hiyo huzaa matumaini ambayo hayawezi kutimizwa.

Majina ya sehemu za sheria

Mwananchi anayetaka kuifungua sheria na kuisoma mwenyewe hukutana kwanza na majina ya sehemu zake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina sura 10 na ibara 152. Sheria za kawaida zina vifungu. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, hata hivyo, hutajwa kwa vifungu, na muswada ulioko Bungeni hutajwa kwa ibara. Neno sura lina kazi mbili: ni sehemu kubwa ya Katiba, na tena ni namba ya sheria katika juzuu za sheria za nchi. Kwa kuwa Katiba yenyewe ni Sura ya 2 ya juzuu hizo, mwanafunzi akiambiwa "soma Sura ya 2" anaweza kufungua Sura ya Pili ya Katiba, inayohusu Serikali ya Jamhuri ya Muungano, badala ya kuanza mwanzo.

Neno kanuni lina mzigo mkubwa zaidi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni sheria kamili iliyotungwa na Bunge. Lakini kanuni ambazo waziri hutunga ziko chini ya sheria, na haziwezi kuipinga sheria iliyompa uwezo wa kuzitunga. Na katika maadili, kanuni ni msingi wa mwenendo. Mtu asiyejua hayo hawezi kujua lini afisa anamtajia sheria ya nchi na lini anamtajia utaratibu wa ofisi.

Mfano wa mwisho ni kura ya maoni. Mwaka 2014 Bunge Maalum lilipitisha Katiba Inayopendekezwa, kutokana na rasimu iliyoandaliwa na Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa. Mwaka ule ule vyama vya siasa vilikuwa vikiteua wagombea wake wa uchaguzi mkuu kwa utaratibu ambao nao huitwa kura za maoni. Na wachunguzi wa maoni ya watu kuhusu viongozi na vyama nao hutumia jina lile lile. Dhana tatu, na katika hizo moja tu ndiyo ambayo wananchi wote huamua nayo sheria kuu ya nchi yao. Dhana kubwa kiasi hicho haistahili kugawana jina na uteuzi wa mgombea udiwani. Tunapendekeza kwamba jina kura ya maoni liachiwe uamuzi wa taifa peke yake, na ule wa vyama uitwe kura ya uteuzi.

Mapendekezo

Kwa wafasiri tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kanuni ya zamani ya istilahi moja kwa dhana moja ifuatwe ndani ya andiko moja hadi mwisho wake. Kubadilisha neno ili kuipendezesha lugha ni sifa katika riwaya na ni kosa katika sheria. Pili, pale ambapo neno la kila siku limepewa maana maalumu, maana hiyo ielezwe kwa sentensi kamili mwanzoni mwa andiko.

Kwa walimu, tunakumbusha kwamba neno katiba si geni hata kwa kijana wa kijijini. Limetokana na shina moja na kitabu, katibu na maktaba, nalo hutumika kwa kila kikundi cha kuweka na kukopa na kila klabu ya mpira. Mwanafunzi ambaye mama yake ni mweka hazina wa kikundi anajua kwamba mwenyekiti hawezi kuchukua fedha za kikundi kwa sababu katiba imekataza. Hapo ndipo pa kuanzia, kisha apelekwe kwenye Katiba ya nchi. Zoezi la pili ni kuwapa wanafunzi Ibara ya 12 hadi ya 24, wapigie mstari kila mtu kwa rangi moja na kila raia kwa rangi nyingine, kisha wajadili sababu. Kwa kuwa elimu ya uraia katika sekondari kwa miaka mingi ilitolewa kwa Kiingereza, wako wahitimu wanaojua kuieleza haki kwa lugha ya mtihani na hawawezi kuieleza kwa wazazi wao. Zoezi kama hili hulijenga daraja hilo upya.

Kwa watumishi wa umma, tunaomba kila tangazo na kila fomu inayogusa haki ya mtu itaje mambo matatu kwa Kiswahili cha wazi: jambo lenyewe, mahali pa kulipeleka, na muda uliowekwa. Na pale ambapo mwananchi anaambiwa kwamba anaweza "kulalamika", ofisi iwe na hakika kwamba haikukusudia kusema "kukata rufani".

Hitimisho

Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kuitii Katiba na sheria za nchi, na papo hapo inampa haki ya kuchukua hatua za kisheria ili kuhakikisha hifadhi yake. Mambo hayo mawili yanahitaji kitu kimoja, nacho ni kuelewa. Haiwezekani kumtaka mtu atii asichokielewa, wala kutarajia akihifadhi.

Orodha ya maneno tuliyoyataja hapa haikukamilika. Tunawaomba wasomaji wetu walioko Tunduma, Vwawa, Mkwajuni, Itumba na kwingineko nchini, hasa makarani wa mahakama, watendaji wa kata na walimu, watuletee maneno mengine ya sheria ambayo wameona yakisikika kwa maana moja na kukusudiwa kwa nyingine. Wakitaja neno, wataje pia mahali liliposikika na namna lilivyoeleweka. Kazi ya usanifishaji huanzia hapo: kwa kujua kwanza wananchi wanasikia nini pale sheria inaposema nao.